Sauti Ipi ya Baba

Mpimaji alifika wakati wa chakula cha mchana, na Mzee Ruan akamwamuru asimame kwenye mstari.

Mzee Ruan Kaiming alikuwa amefundisha michezo katika shule ya sekondari ya Qingtan maisha yake yote ya kazi. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya majina ya watu na njia ya kwenda chooni, lakini ulikuwa umemwachia ile sauti ya uwanjani. Mpimaji, mama wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Gao, aliweka begi lake chini, akasimama wima, mikono ubavuni. Mzee akamzunguka, akamkagua viatu, akaridhika, akarudi kwenye bakuli lake la uji. Peizhen, bintiye, aliyekuwa ameshika kijiko hewani muda wote huo, aliona haya, na papo hapo akampenda yule mama kwa kutobishana na baba yake.

Gao alikuwa ametumwa na Ofisi ya Walezi. Katika majira ya baridi yaliyopita Mzee Ruan alitoka nyumbani alfajiri akiwa na soksi tu miguuni, akakutwa katikati ya uwanja wa shule akiwapanga wanafunzi ambao hawakuwepo. Daktari akaamua kwamba hawezi tena kujiamulia mambo yake. Kwa sheria, mtu wa namna hiyo lazima awe na mlezi mmoja anayetambuliwa, na ikiwa ana watoto zaidi ya mmoja, mlezi ni yule ambaye joto lake la upendo kwa mzazi ni kubwa zaidi. Mzee Ruan alikuwa na watoto wawili. Mdogo, Peilin, fundi wa lifti kule Wuhan, alikuwa amekwisha kupimwa hukohuko. Alibaki Peizhen.

Hakuwa na wasiwasi. Miaka sita sasa alikuwa ameishi na baba yake katika vyumba viwili vya ghorofa ya nne, akisahihisha vitabu vya shule mezani huku sikio moja likiwa upande wa mzee. Alikuwa amejifunza kumvisha, kumlisha, kumkata kucha, kumdanganya kwamba kengele imelia ili akubali kuingia ndani. Majirani walimsifu kwenye ngazi. Kama kulikuwa na mtu wa kupimwa akapita, alikuwa yeye.

Gao alimfunga utepe kwenye paji la uso. Ulikuwa ukanda laini wa kitambaa cha kijivu, na ndani yake mlikuwa na vijicho vidogo vya mwanga vinavyofuatilia jinsi damu inavyotembea ubongoni. Kipande kingine kilikaa nyuma ya sikio, kikisoma mapigo ya moyo na unyevu wa ngozi. Gao alimweleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilohilo katika nyumba nyingi. Atasikia sauti ya mzazi wake. Asifanye chochote. Kabla mtu hajapata nafasi ya kuwaza, mwili huwa umekwisha kujibu: ama umeielekea ile sauti, ama umejikunyata. Utepe husoma jibu hilo tu, na kuligeuza kuwa namba kati ya sifuri na mia.

"Sauti tumeirekodi siku daktari alipokuja kwenu," alisema Gao. "Ni ya kawaida tu."

Ikasikika sauti ya baba yake ikiita. Peizhen. Peizhen. Peizhen. Ndivyo alivyoita mchana kutwa, bila haja yoyote, na ukienda anakutazama kama mtu aliyekatizwa shughuli zake. Peizhen alikaa kimya kwenye kiti, akajaribu kuwa mwema.

Gao alitazama kioo kidogo kiganjani mwake, halafu akakitazama tena.

"Thelathini na moja," alisema.

Peizhen aliuliza kama mashine imekosea. Gao akasema huenda, akampima tena. Ikatoka ishirini na tisa. Mezani, Mzee Ruan alikuwa amemaliza uji na alikuwa akilaza vijiti vyake vya kulia sambamba, akivirekebisha kwa ncha ya kidole.

Namba ya Peilin ilikuwa themanini na nane.

*

Zamani, Peizhen akiwa msichana, walikuwa wakipima matendo. Mtoto amempigia mzazi simu mara ngapi, amekwenda kumwona sikukuu ngapi, amekula naye au hakula. Watu wakazoea. Wakawa wanakodi vijana wa kuwatembelea wazazi wao, na simu zao zikawa zinazungumza na mama zao kwa sauti za kutengenezwa, zikiuliza habari za magoti na za hali ya hewa. Wazee wakawa wanasifiwa mtaani kwa kupata watoto wema, ilhali wamekaa peke yao. Ndipo wataalamu waliposema kwamba matendo yanadanganya. Lile neno la kale, xiao, ambalo watoto hufundishwa kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, yaani kumpenda mzazi, kumheshimu, kumlisha akizeeka na kumlilia akifa, wakasema limo moyoni, basi upimwe moyo wenyewe. Peizhen mwenyewe alikuwa ameunga mkono. Wakati ule aliona ni haki.

Kilichomtesa baada ya Gao kufunga begi lake hakikuwa ile namba. Kilikuwa kile alichohisi alipoambiwa kwamba baba atakwenda Wuhan. Alitazamia kuumia, na kweli aliumia, lakini kabla ya maumivu kulikuwa na kitu kingine kilichopita haraka, chepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alipokitambua alitamani ardhi immeze. Alifikiri kwamba utepe haukukosea hata kidogo.

Gao hakuwa ameondoka bila neno. Mlangoni, akivaa viatu, alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema kwamba sheria inamruhusu mtoto kuomba kipimo kirudiwe kabla ya mwezi kwisha, na inamruhusu kuchagua sauti nyingine ya mzazi, hata ya zamani, ilimradi ni yake kweli. Watu wengi huleta sauti za kabla ya ugonjwa. Alisema pia kwamba Peilin, aliyekuwa akimwona baba yake mara moja kwa mwaka, huenda mwili wake ulikuwa umeisikia sauti ya zamani hata alipochezewa ya sasa.

"Siruhusiwi kukushauri, Bi Ruan," alimaliza. "Nimekuambia tu kilichomo katika sheria."

Sauti ya zamani Peizhen alikuwa nayo. Ilikuwa ujumbe ambao baba yake alimtumia mwaka ndoa yake ilipovunjika, alipokuwa akiishi mji mwingine na hapokei simu ya mtu yeyote. Hakuwa ameusikiliza kwa miaka mingi. Siku iliyofuata, mzee akiwa amelala usingizi wake wa mchana, aliingia jikoni, akafunga mlango, akaiweka simu sikioni.

"Peizhen, ni baba," ilisema ile sauti, nzito, yenye haya kidogo, sauti ya mtu asiyependa kuongea na mashine. "Sitakuuliza kitu. Nimepika mbavu na viazi vikuu. Zimekuwa nyingi. Panda treni uje ule. Ukifika nitanyamaza. Kula kwanza, halafu ulale, halafu tutaona."

Aliusikiliza akiwa ameegemea sinki, machozi yakimtoka bila sauti. Hakuhitaji utepe. Alijua kwamba wakimchezea ujumbe huu namba itapanda kuliko ya Peilin, kuliko ya mtu yeyote. Alikumbuka alivyopanda ile treni, alivyokula zile mbavu, na jinsi baba alivyotimiza ahadi yake ya kunyamaza, akiosha vyombo polepole ili asimwache peke yake mezani.

Chumbani Mzee Ruan aliamka. Peizhen, akaanza kuita. Peizhen. Peizhen.

Naye akahisi mabega yake yakipanda na taya likikaza. Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akiombwa achague. Yule wa kwenye simu, Peizhen alimpenda bila kujitahidi. Lakini hakuwa akimwogesha yule; alikuwa akimwogesha huyu wa chumbani. Angeweza kupeleka ile sauti ofisini, akashinda, akabaki na huyu kwa mapenzi ya yule, na huyu angeendelea kuhudumiwa na mikono iliyojikunyata. Alifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akaenda.

*

Peilin alifika Jumamosi, akiwa na begi moja na keki ya ufuta iliyopondeka njiani. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwepesi wa kulia, na alipomwona baba yake alilia. Mzee akamwambia akimbie mizunguko miwili. Peilin akazunguka meza mara mbili, anacheka na kulia, na mzee akampigia makofi.

Peizhen alisimama pembeni akiwatazama, akawaza: hiyo ndiyo themanini na nane.

Dada mtu na mdogo wake walikaa jikoni. Peilin hakutaka hata kuketi vizuri. Alisema ameona aibu tangu alipopigiwa simu na ofisi, kwamba mkewe Suyin pia ameona aibu, kwamba mtu aliyekuja nyumbani mara moja kwa mwaka na keki hawezi kumpokonya baba mtu aliyemwosha miaka sita. Alikuwa amekuja kukataa. Watakwenda wote wawili ofisini, Dada atapimwa upya kwa sauti nyingine, mambo yatarudi yalivyokuwa, na majirani hawatajua.

Peizhen alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba maji ya kuoga yamepata moto, na leo Peilin ndiye atakayemwogesha baba.

Mzee Ruan alichukia kuogeshwa. Kila mara aliona kwamba watu asiowajua wanamvua nguo kwa nguvu, na alipigana kama ambavyo mtu yeyote angepigana. Peilin alianza kwa maneno matamu na akapigwa kofi la shingo. Akajaribu kumshika mikono, akamwagiwa maji kifuani. Mzee alipiga kelele akiomba msaada, akimwita mama yake aliyekufa zamani, na Peilin akamwacha, akarudi nyuma mpaka ukutani, amelowa.

Peizhen akachukua nafasi yake. Hakuwa mpole. Aliongea kwa ukali, kwa maneno mafupi: inua mkono, geuka, funga macho. Mzee aliufuata ule ukali kama mtu anayefuata kamba gizani. Peizhen alimaliza kabla maji hayajapoa. Peilin aliona kwamba muda wote huo dada yake hakumtazama baba yao usoni hata mara moja.

Baadaye, mzee akiwa amevaa nguo safi na anakula keki kwa vidole, Peilin alisema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba hataweza. Hajui hata kumshika.

"Utajifunza," alisema Peizhen. "Mimi pia sikuwa najua. Nitakaa nawe wiki hii, nikuonyeshe."

"Halafu watu watasema umemtupa baba yako."

"Watasema."

"Na wewe unakubali? Dada, niambie ukweli. Unakubali kwa sababu ya ile namba?"

Peizhen alikuwa akikusanya makombo ya keki kutoka mezani kwenye kiganja.

"Ile namba haikunionea," alisema. "Sauti yake ikiita, mimi hukunja ngumi. Sikujua mpaka nilipoambiwa. Kuna sauti yake ya zamani ninayo, nikiwapelekea watanirudishia, lakini nitakuwa nimewadanganya wao na yeye. Nimekuwa naye miaka sita, Peilin, sijapata hata siku moja ya kumkosa. Nataka nimkose. Nataka nikae mahali nimkumbuke baba yangu, nitamani kumwona, kama wewe."

Peilin aliweka mkono wake mnene, ulionuka sabuni, juu ya mkono wa dada yake, makombo na yote.

Wiki nzima alimfundisha. Kwamba maji yaanzie miguuni. Kwamba dawa ifichwe kwenye uji wa maboga, si wa mchele. Kwamba akikataa kuingia ndani, usimvute, piga kengele ya simu. Siku ya safari Mzee Ruan alipanda gari la kwenda stesheni kwa furaha, akiamini wanaipeleka timu kwenye mashindano, na hakugeuka nyuma. Peizhen alirudi juu, akapanda kitandani na viatu vyake, akalala mpaka kesho yake mchana.

Majirani walisema. Mmoja aliyekuwa akimsifu kwenye ngazi sasa alitazama mboga zake alipokutana naye. Peizhen hakujitetea. Majuma ya kwanza hakumkumbuka baba hata kidogo, na hilo lilimtisha. Alilala, akafanya kazi, akanunua matunda yasiyohitaji kupondwa. Halafu mchana mmoja, sokoni, alisikia mwalimu fulani akiwapigia kelele watoto wanaovuka barabara, mstari, mstari. Alisimama kati ya mabeseni ya samaki, akamtamani baba yake mpaka akashindwa kukumbuka alichokuja kununua.

*

Sheria inataka watoto wapimwe tena baada ya nusu mwaka, ili kuthibitisha mlezi. Kwa kuwa shauri lilikuwa la ofisi ya Qingtan, Gao ndiye aliyesafiri kwenda Wuhan, na Peizhen akaitwa huko. Ilikuwa vuli, mvua nyembamba inanyesha.

Peilin alimfungulia mlango akiwa amevaa shati nje ndani. Alikuwa amekonda. Kabla hata hajamkaribisha, alimvuta jikoni, akamwambia jambo ambalo ni wazi alikuwa amelihifadhi kwa ajili yake. Jana yake baba aliita, Peilin, Peilin, asubuhi nzima, naye alimfokea kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo. Suyin ilibidi amtoe nje akatembee. Alisema bila kulia kwamba leo namba yake haitafika hata nusu ya ile ya kwanza, na kwamba hakukuwa na siku ambayo hakumkumbuka dada yake, akiwa ameinama juu ya beseni la kumwogeshea baba.

Peizhen alimrekebishia kola. Alimwambia kwamba mwezi ujao atamchukua baba akae Qingtan mpaka baada ya mwaka mpya, na Peilin alale. Ofisi imtambue yeyote inayetaka kumtambua. Wao wawili watapigiana simu: mwenye mabega yaliyokaza atasema, na mwenzake atapanda treni. Peilin aliuliza kama hilo linaruhusiwa. Peizhen akasema hajauliza.

Mzee Ruan alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amefunikwa blanketi magotini. Gao alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, na utepe wa kijivu ulikuwa tayari mkononi mwake. Alimsalimu Peizhen kwa kichwa, akamwacha apite kwanza.

Peizhen alikuwa amejiandaa kutotambuliwa. Hakuwa amejiandaa kwa kilichotokea. Baba yake alimwona, akaondoa blanketi, akainuka kwa taabu, akaunganisha viganja, kama mtu anayempokea mgeni wa heshima. Miaka sita hakuwahi kuinuka kumpokea. Kwake, Peizhen alikuwa mtu wa maji na dawa na wa kusema hapana. Sasa mzee alimwonyesha kiti kilicho karibu naye, akamwuliza anatoka wapi na mvua hii.

"Natoka Qingtan," alisema Peizhen.

Mzee akafikiri. Akasema Qingtan anapafahamu, ni pazuri, ana jamaa zake kule. Akamwuliza kama amekula. Peizhen akasema bado, na ilikuwa kweli.

Basi Mzee Ruan akachukua chenza kutoka kwenye sahani iliyokuwa dirishani. Alilimenya taratibu, ganda likatoka zima. Kisha akaanza kuondoa nyuzi nyeupe, moja baada ya nyingine, akisogeza tunda karibu na macho, akiziweka pembeni juu ya goti. Vidole havikukosea. Alipomaliza alikata kipande, na badala ya kumpa mkononi, alikinyanyua mpaka midomoni mwake, kama anavyolishwa mtoto mdogo aliyerudi kutoka shuleni mikono michafu.

Peizhen akafungua mdomo.

"Taratibu," alisema mzee. "Yako mengi."

Ile sauti ilikuwa nyembamba sasa, imechakaa, na ilikuwa ya baba yake. Peizhen alitafuna. Kipande cha pili kikafuata, na cha tatu. Peilin alisimama mlangoni, mkono kwenye kinywa. Gao alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akasogea, akainama karibu na bega la Peizhen, akauliza kwa sauti ya chini kabisa leo watumie sauti ipi.

"Subiri kidogo," alisema Peizhen, shavu limejaa. "Bado ananilisha."